Diski moja, kompyuta tatu

Napiga video za harusi. Nakata kazi kwenye Windows yangu, jamaa anayenirekebishia rangi ana Mac, na nakala za akiba zinakaa kwenye laptopu kuukuu ya mdogo wangu yenye Ubuntu, aina ya Linux. Diski ya kupokezana ni moja tu, ya TB 1.

Niliinunua ikiwa na NTFS, mpangilio wa Windows wa kuhifadhi faili kwenye diski. Nikampelekea jamaa, video akaziona zote na kuzifungua, ila kila akitaka kurudisha kazi, Mac inagoma. Inasoma NTFS, haiandiki. "Kaka, umenialika shughulini nikatazame watu wakila," akaniambia.

Fundi mmoja akanishauri FAT32, mpangilio mwingine, eti inakubali kila mahali. Inakubali kweli, ila faili moja halitakiwi kufika GB 4. Video ya ukumbini ilikuwa GB 11. Diski tupu kabisa, inaniambia faili ni kubwa mno! Nilipoteza usiku mzima nikiikatakata vipande.

Kilichoniokoa ni mpangilio wa tatu, exFAT. Nilihamisha kila kitu kwanza, maana kufomati kunafuta, kisha kwenye Windows nikabofya diski kitufe cha kulia, Format, nikachagua exFAT. Dakika haikuisha. Mac ikaipokea bila swali. Ubuntu ya mdogo wangu ni toleo la 18.04, ikagoma mpaka tukaweka programu za exfat-fuse na exfat-utils, ila kuanzia 20.04 hazihitajiki, kwa kuwa kenali (kiini cha mfumo) 5.4 inaijua exFAT yenyewe.

Shida yake niliijua siku Luku ilipoisha katikati ya kunakili. NTFS huandika pembeni kinachoendelea, kwa hiyo umeme ukikatika ina pa kuanzia. exFAT haina daftari hilo. Nilipowasha tena, folda ya upande wa bibi harusi ilikuwa na jina la alama zisizosomeka. Nikaendesha chkdsk E: /f, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, ikarudisha karibu zote, vipande viwili vikapotea. Bahati yangu kadi ya kamera huwa siifuti mpaka mteja amalize kulipa, na huyu alikuwa bado anadaiwa.

Siku hizi sichomoi waya kabla ya kubofya Eject, hata mteja awe amesimama mlangoni. Na vile vifaili vya Mac vinavyoanza na "._", ambavyo mwanzoni nilidhani ni virusi, nikivikuta kwenye Windows navifuta tu.