Kitabu changu kilikatwa mkia na mimi sina habari

Hii stori nimeikwepa miaka kadhaa maana inaniaibisha, lakini juzi kuna mtu kaniuliza ni kitabu gani nakipenda kuliko vyote nikajikuta nacheka mwenyewe kabla sijajibu, basi acha niiseme tu.

Ilikuwa 2018. Tulikuwa na kikundi chetu cha wasomaji, watu tisa kumi hivi, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi. Hakuna mwenyekiti hakuna katiba, sheria zilikuwa mbili tu. Kila mtu aje na kitabu, zamu yake ikifika ana dakika tatu za kutuambia kwanini tukisome au kwanini tusijisumbue nacho. Halafu ya pili, na hii ndo ilikuwa inalindwa kama mboni ya jicho, marufuku kumaliza uhondo. Ukianza tu "sasa kule mwishoni yule jamaa..." unazomewa mpaka unakaa chini, hata uwe nani.

Mimi kwenye kile kikundi nilikuwa najulikana kwa kitabu kimoja, Vuta n'kuvute cha Adam Shafi, kile cha 1999. Nilikuwa nakipigia debe kila mahali. Ukiniambia huna cha kusoma nakutajia hicho, ukiniambia unacho cha kusoma nakuambia kiweke pembeni kwanza. Na nilikuwa na sababu yangu kubwa moja ambayo niliigundua mwenyewe (ndivyo nilivyokuwa najidanganya), kwamba kitabu kile hakina mwisho. Yaani mwandishi kakuacha hewani makusudi! Binti Yasmin kaolewa bado mbichi na mzee wa rika la baba yake, kamkimbia, kaenda kukaa kwa shoga yake Mwajuma, kakutana na Denge ambaye kasoma Urusi na karudi Zanzibar anataka mkoloni aondoke na makachero wanamnusanusa kila kona, unasoma roho iko juu, halafu paap, kurasa zimeisha, hujui nani kampata nani. Nadharia yangu ilikuwa kwamba ndiyo maana kinaitwa vile. Kamba bado inavutwa, upande huu na upande ule, sasa ataishaje mtu anayevutwa? Niliisema hiyo nadharia mara nyingi mpaka nikawa naisema na mikono.

Nakala yangu sikuinunua dukani. Niliipata kwenye boksi la vitabu vya binamu yangu alipokuwa anahama, kava la mbele lipo limechakaa, la nyuma halikuwepo, kuna mtu alikijalidi upya kwa karatasi ya kaki na gundi nyingi kweli, ile gundi ikikauka inakuwa ya njano na ngumu kama ukucha. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umegandana kidogo na ile kaki lakini maneno yote yanasomeka, na unaisha kwa nukta. Hilo la nukta naomba mlikumbuke mnaponicheka. Ingekuwa sentensi imekatikia katikati hata mtoto angeshtuka, ila pale palikuwa na nukta safi kabisa chini ya ukurasa, mtu ungesema mpiga chapa kaipanga.

Siku yenyewe tulianza vizuri. Alifungua Mwalimu, mama mmoja mstaafu ambaye kafundisha fasihi maisha yake yote, yeye alikuwa karudia Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951 hiyo, akatuambia habari za Karama anavyosimama barazani kujitetea kwa kosa la kutaka watu wasome sheria, na namna anavyojitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa huku na huku, kaskazini, kusini, hadi mbinguni. Mwalimu akiongea unasahau kuangalia saa, dakika zake tatu zilikuwa nane na hakuna aliyethubutu. Akafuata dada yetu wa dedektivu, huyu yeye Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabu vya Muhammed Said Abdulla, ndo mume wake wa pili, alikuja na Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960 akawa anatuonyesha jinsi Bwana Msa anavyokishika kiko chake, na kalamu ndo imekuwa kiko. Kuna jamaa mwingine alikuja na Nagona ya Kezilahabi, kijitabu chembamba kile, akasema kwa unyenyekevu, "Hiki nakisoma mara ya tatu, na bado kinanisoma mimi." Tukampa pole akakaa.

Zamu yangu. Nikainuka na Vuta n'kuvute yangu ya kaki, kuna watu wakaguna "tena?" nikawaambia ndiyo tena, maana leo kuna mgeni. Kweli kulikuwa na mgeni, kijana mmoja mpole kaletwa na dada yake, kakaa karibu na mlango kama mtu anayepanga kutoroka. Basi nikamgeukia yeye kabisa nikamwaga sera zote, Yasmin, Denge, kamba, mikono, nikamalizia na ile nadharia yangu ya kuachwa hewani.

Kijana akanyanyua kidole. "Samahani kaka, mimi nshakisoma. Ile sehemu ya mwisho uliionaje?"

Nikatabasamu, lile tabasamu la mtu anayejua. "Ndo nasema hivyo mdogo wangu, sehemu ya mwisho haipo. Kaiacha makusudi."

"Haipo vipi kaka? Si pale ambapo Yasmin..."

Aisee, wakalipuka wote. "Usiseme! Usiseme! Uhondo huo!" Dada wa dedektivu kaziba masikio kabisa. Kijana wa watu kashtuka, kanyamaza, halafu akajaribu njia nyingine, "Sawa sitasema, ila baada ya ile safari..." Usisemeeee! Yaani alikuwa na ushahidi mkononi na hana ruhusa ya kuutoa, na mimi nikautumia huo mwanya bila aibu, nikaanza kumfafanulia kwa upole kwamba wasomaji wengi huwa wanajijazia mwisho kichwani mwao halafu baadaye wanadhani waliusoma. Nilimwambia hivyo kweli. Mbele za watu. Jamaa wa Nagona akachombeza, "Mpeni nafasi ajitetee kama Karama," watu wakacheka, kijana akacheka pia lakini masikio yalikuwa yamemwiva.

Mwalimu yeye hakucheka. Akanyoosha mkono tu. "Mwanangu, hebu nione hicho kitabu."

Nikampa. Hakufungua mbele, alikigeuza akaanzia nyuma. Akavaa miwani, akaibana ile kaki kwa vidole viwili akaivuta taratibu sana mpaka gundi ikalia krr, halafu akapitisha ukucha wa kidole gumba ndani ya mgongo wa kitabu, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayetafuta mwiba. Akasimama. Akanionyesha. Pale kwenye mshono, chini ya ile gundi ya njano, kulikuwa na vishina vya karatasi, vimechanwa vikabaki vijino vijino vyembamba, kimoja kilikuwa hata bado kina herufi moja, "w", imebaki peke yake pembeni. Miaka yote ile nimekishika kile kitabu, nimelala nacho, sikuwahi kuviona.

"Kimekatwa mkia hiki," akasema, tena kwa sauti ya chini ili anisitiri, lakini chumba kilikuwa kimya na kila mtu kasikia.

Sitawaelezea kicheko. Ila kilichoniuma wala siyo kicheko. Pale pale nilikumbuka kwamba miezi kama miwili nyuma kuna rafiki yangu wa kazini nilimshauri kile kitabu, akatafuta nakala yake akasoma, akaja akaniambia "mwisho wake umenimaliza," nikamwambia "si nilikuambia!" tukakaa tunauongelea ule mwisho robo saa nzima, yeye anasema unauma lakini ni wa haki, mimi nasema ndiyo, ni wa haki sana, maana maisha ndivyo yalivyo. Robo saa! Watu wawili tunakubaliana kwa kila kitu na kila mmoja ana mwisho wake kichwani. Mpaka leo sijamwambia. Akisoma hapa atajijua.

Nilimwomba kijana msamaha kabla hatujatawanyika. Akasema hamna shida kaka, ila ile nadharia ya kamba ni kali. Nikashindwa kujua kama ananifariji au ananichoma.

Mwalimu alikuwa na nakala yake nzima nyumbani, akanipitisha kwake nikaichukua, ila akaniwekea sharti, niache yangu kama dhamana. Nilishangaa dhamana gani ile, kitabu kibovu kwa kizima, lakini nikaacha. Usiku huohuo nikakaa, nikafungua pale ninapoishiaga. Nilipakumbuka bila hata kutafuta, ile nukta yangu ilikuwepo, ila safari hii ilikuwa katikati ya ukurasa na chini yake stori inaendelea kama kawaida, haina hata habari na mimi. Ilinichukua muda kuvuka ile nukta jamani. Nilisoma aya ya kwanza ya "baada ya mwisho" nikarudi juu, nikasoma tena, ni kama unaambiwa marehemu fulani kumbe yupo hai na anakaa mtaa wa pili, unafurahi lakini pia ulishalia ukamaliza.

Mwisho wenyewe siwaambii, sheria ni sheria na wengine bado hamjasoma. Ninachoweza kusema ni kwamba usiku ule ulinikera. Niliona kama Adam Shafi kanivunjia nadharia yangu makusudi. Nilivyourudia baada ya wiki ndo nikaona jinsi alivyoupanga tangu mbali huko nyuma, kuna vitu alivitega kwenye sura za mwanzo na mimi nilikuwa navipita kila mara kama mtu anayepita mlango bila kujua kuna chumba. Ni mzuri. Mzuri kuliko wangu? Siku nyingine nasema ndiyo.

Nikarudisha nakala ya Mwalimu Jumamosi iliyofuata, nikauliza yangu, akasema "bado nasoma mwanangu." Nikadhani utani. Mwezi ule tukakutana hakuileta, zamu yake akasoma mashairi. Mwezi uliofuata nikasema sawa, imeenda, si mnajua vitabu vya kuazimana vinavyopotea na hii tena hata thamani haina, utamdaije mtu mzima kitabu kisicho na mwisho.

Mwezi wa tatu zamu yake ilipofika akaingiza mkono kwenye mkoba wake akatoa kitabu cha kaki. Kile kile, na ile kaki kairudishia kwa gundi mpya, hajajazia kitu, hajabandika fotokopi za kurasa zilizopungua ingawa nakala nzima anayo kabatini. Akakiinua juu. Akasema hiki amekisoma mara nyingi na amewasomesha wengi, lakini toleo hili ni nadra, na hajawahi kulisoma kabla, na linaishia pahala ambapo yeye asingethubutu kuishia. Halafu akaanza kueleza habari ya kamba, na mikono yake ikawa inavuta, upande huu na upande ule, na kijana mgeni, ambaye siku hizo hakuwa mgeni tena, akanyanyua kidole akauliza kama kuna foleni ya kukiazima.

Walikuwepo watatu mbele yake.