Farasi wa f6

Kijana wangu, yule wa maswali, ameanza sataranji shuleni. Juzi hata viatu sijavua, ananiuliza: "Baba, mwenzako akigusa kete halafu akacheza nyingine, na refa hajaona, utamwita?"

Nikamwambia sheria iko wazi: ukiigusa utaicheza, labda uwe umetangulia kusema unaiweka sawa tu.

"Nimekuuliza wewe. Utamwita?"

Swali hilo likanirudisha kwenye mashindano ya vijana, Nairobi, enzi zangu za shule. Raundi za mwanzo ziacheni. Ya mwisho nilipangiwa msichana wa shule ya msingi, miguu haifiki sakafuni, soksi moja imeteremka. Mimi niko kidato cha pili, ndevu zinaanza kubisha hodi. Nikajua huyu ni wa kumeza.

Hakumezeka. Hatimaye nikampanga malkia d3 (herufi na namba ndiyo majina ya vyumba vya ubao), askofu nyuma yake c2, wote kwa mshazari mmoja wameikodolea macho h7, karibu na mfalme wake, na aliyewazuia ni farasi wake wa f6 peke yake. Akamshika farasi huyo kichwani kwa vidole viwili. Hakumwinua. Akamwachia kama aliyeungua, akasukuma askari hadi g6 kuziba njia, akabonyeza saa.

Refa alikuwa meza za mbali akiamua ugomvi mwingine. Mkono wangu ukabaki hewani, maana kwa sheria za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, nikishagusa kete yangu kwa nia ya kucheza, haki ya kulalamika imekwisha. Sekunde zinakatika. Msichana ananitazama mimi, ubao kauacha. Alijua, na alijua kwamba najua. Mtaani kwetu, kwenye drafti ya vifuniko vya soda, tungepiga kelele tu na mtu angepindua ubao, yakaisha.

Nikasimamisha saa, nikamwita refa.

"Ulimgusa farasi?"

"Nilimgusa."

Angeweza kukana. Shahidi hakuwepo. Nilikuwa na haki, hilo silibishi hata leo, ila jibu lake lile lilinikera kuliko kama angedanganya. Farasi akahama, mchezo ukaisha upesi.

Mchana akanifuata nje na ubao wake wa kukunja. "Panga kuanzia pale, askari akiwa g6."

Tukapanga. Akanifunga bila haraka huku anakula ndizi, akakunja ubao, akaenda zake kwa mwalimu wake.

Kwenye karatasi ya matokeo ukutani niliandikiwa 1, yeye 0. Nilikwenda kuiangalia, kisha nikarudi kuiangalia tena.