Kidumu hakikuwa na kosa

Nimenawa mikono mara tatu na kucha bado zina weusi. Oili haitoki kirahisi, na neno la kaka nalo halijatoka tangu Jumapili.

"Lete hapa, mdogo wangu, utamwaga."

Wala hakulisema kwa ubaya. Kaka mnamjua. Nilikuwa nimeshafungua boneti ya Kikongwe, gari langu, nimechomoa kijiti cha kupimia, nimekifuta, nimekirudisha, nimekichomoa tena: oili iko chini kidogo ya alama ya chini. Tambara nimeshalizungushia tundu la kujazia. Huu ni mwaka wa pili naliongezea gari hili oili kwa mkono wangu kila baada ya wiki mbili tatu, maana linaila. Ringi za pistoni zimechoka, fundi alishasema, na ule moshi wa bluu wa kila asubuhi hauhitaji fundi. Mtu mwenye uzoefu wote huo akajibu nini? "Sawa, kaka." Nikampa kidumu.

Akakiinamisha kama wengi wanavyofanya, mdomo chini, mgongo juu. Kidumu cha lita 4 kilichojaa, ukikishika hivyo, hewa inakosa pa kuingilia, basi oili inatoka kwa kwikwi: kimya, halafu gulu! Gulu ya pili ikapita pembeni ya tundu ikatua kwenye ekzosi, ambayo haijapoa. Moshi ukapanda. Kaka akaruka nyuma na fulana yake nyeupe.

Hapo ndipo kinywa changu kikasema: "Si wewe kaka, ni kidumu. Siku hizi wanavitengeneza vibaya."

Nimeyarudia maneno hayo jikoni, kwenye foleni, na katikati ya kikao cha kutangaziwa kwamba idara yetu inaunganishwa na ile ya chini (hilo nitaliandika siku nyingine). Kidumu hakikuwa na kosa! Kinashikwa kwa ubavu, kimelala, mdomo ukiwa upande wa juu, ili hewa iingie juu huku oili ikitiririka chini yake. Nilikuwa najua. Ningesema, "Kaka, kilaze," yakaisha. Badala yake nilikuwa nimeinama na tambara, nafuta ekzosi huku namtetea aliyeimwagia. Kutokusema naweza kujisamehe. Ila kile kidumu nilikisingizia bila hata kuulizwa.

Alhamisi akapiga simu kwa mambo ya harusi. Tukiwa tunaagana akasema, kwa sauti ya mtu aliyelifanyia jambo utafiti: "Lakini vidumu vya siku hizi, kwa kweli, wanavitengeneza vibaya."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Akauliza kuna nini, nikashindwa kumjibu. Wiki nzima nimebeba kinyongo, kumbe mwenzangu amebeba fulana yenye doa na maneno yangu mwenyewe ya kujifariji.

Leo nimeongeza tena. Gari mahali tambarare, injini nimeizima, nikangoja dakika 10 oili ishuke, safari hii na ekzosi ipoe. Nikakilaza kidumu. Ukashuka uzi mmoja mwembamba, haukatiki, hautingishiki. Nusu lita, nikaacha, nikapima. Kwa magari mengi kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1, na ukipitisha, kranki, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, inaichapa oili mpaka inatoa povu, kwa hiyo mimi huongeza kwa uchoyo. Kumalizia, nikainua mdomo wa kidumu kwa kuuzungusha kidogo, nikaupitishia tambara kabla tone la mwisho halijaamua pa kwenda. Hakuna kilichomwagika. Nikageuka kutafuta shahidi. Alikuwepo paka, anajilamba mguu.

Mfuniko nikaukaza, nikauhakiki mara mbili (kuna mwezi niliwahi kuusahau juu ya betri), nikampigia mama kumhadithia kisa cha kaka. Alicheka vizuri sana. Akauliza kama watoto wamefunga shule. Nikamwambia wamefunga jana. Tukaongea harusi, tukaongea goti lake, na tulipokuwa tunaagana akaniuliza kama watoto wamefunga shule.

Nikamwambia wamefunga jana. Sijamwambia kaka bado.