Kurasa za mwisho za Kinjeketile

Nikiwa mwaka wa pili chuoni Mtwara, kikundi chetu kilipangiwa kuhakiki Kinjeketile, tamthilia ya vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, kwa nadharia ya Umaksi, inayoisoma fasihi kwa jicho la mapambano ya matabaka. Mimi ndiye niliyewasilisha. Kazi hiyo ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa mkoa jirani wa Lindi, ina mengi anayoyatafuta Mmaksi: wakulima wanatokwa jasho kwenye shamba la mzungu huku nyumbani kwao njaa inauma. Hoja zikapangika. Maji, ile dawa ya Kinjeketile iliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, nikayaita itikadi potofu, na Kinjeketile nikasema hakuwa na mwamko wa kitabaka.

Nilipomaliza akasimama mwenzetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi kusoma, mtu wa Kipatimu, kwenye milima ya Matumbi. Sote tulimwita Mama.

"Mwanangu, maneno yake ya mwisho uliyasoma?"

Niliyapitia juu juu. Kitabu changu kilikuwa fotokopi ya duka la steshenari, na kurasa za mwisho wino ulififia hadi herufi zikabaki vivuli.

"Hebu tusomee."

Nikaisogeza dirishani, nikasoma polepole. Kinjeketile yuko kwenye minyororo, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Akiyakana, Wajerumani watawaambia watoto wa wapiganaji kwamba kupigana lilikuwa kosa. Na neno limekwishazaliwa, litasimuliwa hadi kwa vitukuu. Sauti ikaanza kunitetemeka. Mtu niliyemwita hana mwamko alikuwa anaona mbali kuliko mimi.

Mhadhiri aliandika ubaoni 1967 na 1969. Mwaka wa kwanza ni wa makala ya Mfaransa Roland Barthes kuhusu kifo cha mwandishi: andiko likishatoka, maana yake haimo tena mikononi mwa aliyeliandika, imo kwa msomaji. Wa pili ni wa kuchapishwa kwa Kinjeketile, ambamo neno linakua hadi linamshinda aliyelitamka. Nilisisimka mwili. Safari hii nadharia haikubandikwa, tamthilia yenyewe ndiyo iliyoiita.

Mama bado hakuridhika. "Huyo wa Mfaransa anakufa kwenye karatasi," alisema. "Wetu alinyongwa."

Ni kweli. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Agosti 1905, muda mfupi baada ya Wamatumbi kung'oa pamba kule Nandete, na kwao Mama kung'oa ile miche ndiko kulikokuwa kutangaza vita. Hussein mwenyewe ametahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia, na tahadhari hiyo naiheshimu. Lakini Mama alikuwa msomaji, tena msomaji aliyezaliwa juu ya udongo uleule. Kama Barthes anampa msomaji kiti, basi kiti hicho siku ile kilikuwa chake.

Jioni nilikwenda maktaba nikaazima nakala yenye wino mzima. Kabla ya kuandika sentensi yoyote ya uhakiki, nilizinakili kwa mkono kurasa zile za mwisho, mstari kwa mstari, hadi taa za maktaba zikazimwa.