Magego Mawili

Yalitoka kama mbegu za papai, bila kubisha. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Ilikuwa mwaka 2011. Nilikuwa tabibu wa meno katika kituo kimoja cha afya, kanda ya ziwa. Mtoto alikuwa na miaka sita, kaletwa na bibi yake, shavu la kulia limevimba, homa hana. Miaka sita meno hucheza, nikajiambia. Ila umri huo yanayocheza ni ya mbele. Magego ya utotoni hungoja hadi miaka tisa hivi. Nililijua hilo tangu chuoni, lakini foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikang'oa magego mawili ya juu, nikaandika "jipu la jino", nikatoa amoksilini na metronidazo. Bibi aliyaomba meno, akayafunga pindoni mwa kanga, mtoto akayarushe juu ya bati.

Siku ya tisa wakarudi. Shavu limezidi, jicho linasukumwa nje, mashimo ya meno yamejaa nyama laini. Nikapapasa shingo na makwapa nikitafuta mitoki. Hakuna hata mmoja. Kichwani mwangu limfoma, saratani ya chembe za kinga ya mwili, ilikuwa lazima ianzie kwenye tezi, kwa hiyo sikuiwaza.

Daktari wetu mzee hakuanza na kinywa. Alimlaza mtoto, akaweka kiganja tumboni, akanyamaza. Kisha akainua eksirei dirishani: ule mstari mweupe unaozunguka mzizi wa jino ulikuwa umefutika, hata kwenye meno ambayo hayajaanza kucheza.

"Burkitt unamjua?"

Nilimjua. Daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Uganda, aliyeanza kuwafuatilia watoto wa namna hii mwaka 1957, ng'ambo tu ya ziwa letu. Swali lake nililipata kwenye mtihani.

Walipelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, wakakatwa kinyama cha kupima, jibu likawa lilelile: limfoma ya Burkitt. Uvimbe huu huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Zile siku tisa nilizihesabu usiku mwingi. Dripu ya kwanza ya dawa ilipoingia, bibi alinipigia simu: shavu limeshuka ndani ya wiki.

Mwaka uliofuata alikuja mwenyewe mbele ya bibi yake. "Shikamoo daktari," akapanua kinywa. Jino la mbele linacheza. Nililimulika kwa tochi, nikabonyeza ufizi, nikapapasa shingo, nikamlaza nikapapasa na tumbo. Bibi akabaki ananitazama.

Nikamwambia akalitoe nyumbani, kwa uzi.