Tulipanga Diani, tukapumzikia Ukunda

Kila Desemba mimi na dadangu huenda ocha, kijijini kwa mama, na kila Januari tunarudi Nairobi tumechoka kuliko venye tulienda, juu ukifika tu unashikishwa sufuria ya kupikia ukoo mzima, unalala saa sita, saa kumi na moja jogoo na mama wote washakuita. Mwaka jana tukasema hapana. Tukamtumia mama pesa ya sikukuu mapema, tukamwambia tutakuja Pasaka, akanuna kidogo lakini akatubariki. Sisi tulikuwa tunataka kulala, watoto wachezee mchanga, tuone bahari, basi.

Tiketi za treni tulikata mapema sana. Desemba ukingoja wiki ya mwisho hupati kiti, na mabasi nayo yanapandisha nauli venye yanataka. Ekonomi ni 1,500 tangu 2024, kabla ya hapo ilikuwa 1,000, na kwa hiyo pesa bado mgongo wa kiti umesimama wima na magoti yako yanagusana na ya mtu hamjuani hadi Mombasa. Fasti klasi ni 4,500, piga hesabu ya familia uone. Syokimau kabla ya kupanda mizigo inapangwa chini kwa laini mbwa apite akiinusa, na mtoto wa dadangu akamuuliza askari kama mbwa naye anaenda baharini. Tsavo tuliona tembo, wekundu kabisa kwa ile vumbi ya huko, behewa lote likahamia madirisha ya upande mmoja. Hiyo tu ilinifanya nisahau magoti.

Shida ilianzia Diani, ule ufuo wa kusini mwa Mombasa tuliokuwa tumeupanga. Kutoka stesheni ya Miritini hadi feri ni msongamano, Likoni ukivuka kwa miguu hulipi kitu lakini kwa ule umati wa Desemba unamshika mtoto mkono hadi vidole vinakufa ganzi, halafu matatu ya Ukunda, halafu tuktuk. Tunafika kwa geti giza lishaingia. Nyumba tulikuwa tumeipata kwa intaneti, vyumba viwili, jiko, kidimbwi cha kuogelea, 6,000 kwa usiku nyumba yote, na nusu ya pesa tulishalipa kwa simu na meseji ninazo. Keyateka, yule mtunza nyumba, akafungua kile kidirisha kidogo cha geti, akatuhesabu kwa tochi, akasema 6,000 ni ya chumba kimoja, nyumba yote bei ya sikukuu ni 14,000 na inalipwa yote kabla ya kuingia.

Nikamwonyesha meseji. Akasema hiyo ni ya ajenti, yeye anasikiliza mwenye nyumba. Mpigie mwenye nyumba. Hashiki. Ajenti naye simu imezimwa. Dadangu akaanza kuongea kwa sauti, mbu wanatuuma, mtoto mdogo amelala juu ya begi na yule mkubwa ananiuliza kama hii ndiyo hoteli. Kwa kile kidirisha niliona maji ya kidimbwi yakimeta, taa za bluu chini, hakuna mtu hata mmoja ndani. Hapo ndipo nililia. Sikulilia pesa, nilililia ule mwaka mzima wa kuweka 500, 500 kwa ile akaunti ya simu, eti tupumzike.

Dereva wa tuktuk alikuwa bado yuko. Nilidhani anangoja pesa yake kumbe tulishamlipa. Akashuka, akaongea na keyateka kwa Kidigo, kwanza pole pole kisha si pole pole, akarudi akasema, "Dada, hapa mtakesha. Hawa watoto hawalali nje mimi nikiwepo. Shangazi yangu ana vyumba kule Ukunda, si vya kifahari lakini ni safi, twendeni muone, msipopenda nawarudisha bure."

Mimi ni mtu wa Nairobi, mtu akikufanyia wema usiku unashika simu yako vizuri. Nilikaa nyuma nimeikumbatia njia nzima. Tulipofika shangazi akatoka na leso mbili, akamwangalia yule mdogo begani kwa dadangu, akasema, "Muwekeni mtoto kitandani kwanza wanangu, maneno ya pesa kesho." Kitanda cha mvule, neti isiyo na tundu hata moja, feni inayolia kidogo. Asubuhi maneno ya pesa yalikuwa 2,000 kwa chumba, na mahamri na mbaazi za nazi ndani ya hiyo bei, mahamri ya moto ukiyapasua yanatoa harufu ya iliki.

Siku zilizofuata sina mengi ya kusema kwa sababu tulilala. Tulienda bahari asubuhi, tukarudi, tukalala tena. Ufuoni vijana wa biashara hawakuachi, ngamia, boti, vikuku, huwezi kufumba macho. Nilipopumzika kweli ni Kaya Kinondo, ule msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa zile kaya zilizoingia kwa orodha ya Unesco 2008. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia na mzee anawatembeza akiongea chini chini. Watoto wetu, ambao kule mtaani kwetu Umoja, Nairobi, wanapiga kelele kushinda makanga, walinyamaza wenyewe.

Nilianza kuwaza nyumbani nikiwa pale. Kwetu Umoja usiku ni klabu upande huu na kesha upande ule, na pesa yote tunayotafuta ni ya kununua ukimya mahali kwingine, mahali penye kidimbwi na taa za bluu. Na mama yangu ana mwembe nyuma ya nyumba, na mkeka, na hakuna siku nimewahi kumwambia mama leo sipiki, leo nalala hapa. Nilimpigia nikiwa huko huko nikamwambia. Akacheka, akasema Pasaka atatafuta msichana wa kusaidia jikoni, sisi tuchangie.

Ile nusu tuliyolipia nyumba ya Diani haijarudishwa hadi leo. Ajenti alijibu mara moja, akasema pesa ya bukingi hairudi, na picha za ile nyumba bado ziko palepale kwa 6,000. Dadangu anataka twende polisi na zile meseji, na mimi nakubaliana naye, tunaenda Jumatatu.