Jumla Ilikubali, Umri Ukakataa

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili vya kupanga, Milimani, Kisumu, na mimi nilipewa modeli ya takwimu, iliyokwisha kujengwa na wenzangu kukadiria maambukizi, ili niikague. Ilichanganya ushahidi wa aina mbili kuhusu virusi vya ukimwi: vipimo vya akina mama kwenye kliniki za wajawazito, na utafiti wa kaya wa 2003, uliopima damu nyumba kwa nyumba. Utafiti huo ulitoa asilimia 6.7 kwa taifa zima, na kama 15 kwa Nyanza. Kliniki zilikuwa zimewazoesha watu hesabu kubwa zaidi, basi ubishi haukukosa.

Modeli ilipita katikati kama mzee wa baraza. Kwenye grafu ya jumla, kila nukta, yaani kipimo halisi, ilikaa ndani ya mkanda wake, yaani upeo ambao modeli ilikadiria kipimo kingeangukia. Wenzangu wakaridhika. Mimi utulivu ule haukuniingia akilini: waliokuwa wakibishana mchana kutwa wamepatana lini?

Nikaziondoa data za kliniki zote, modeli ikabaki na utafiti wa kaya pekee, kisha nikaitaka ibashiri kliniki zingepata nini, rika kwa rika. Kompyuta ikasaga mpaka matatu za Kondele zikaanza kupakia watu wa jioni. Nilipochapisha, nukta ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 ilikuwa juu, nje kabisa ya mkanda. Za akina mama waliovuka 30 zilikuwa chini. Kwenye jumla, huku kulifuta kule.

Nikampelekea Sista, muuguzi mstaafu aliyetusaidia kusoma rejista. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye ile nukta ya juu.

"Mwanangu, hawa wa kliniki si wote wana mimba? Nyumbani mnapima hata msichana ambaye hajamjua mwanamume."

"Na hawa wakubwa, Sista?"

"Virusi hupunguza uzazi. Aliyeishi navyo muda mrefu hashiki mimba upesi. Kliniki utamwona wapi?"

Tukaipa modeli pengo kati ya kliniki na kaya la kila rika badala ya pengo moja la wote. Nukta zikarudi ndani, ila mkanda ukapanuka, na mkubwa wetu, aliyekuwa na kikao Nairobi, akanuna. Wafadhili hupenda jibu lililonyooka.

Sista bado alikuwa na karatasi mkononi. "Na wanaume, kliniki yao iko wapi?"

Hao tulikuwa na utafiti wa kaya tu, na wengine hawakukutwa nyumbani au walikataa kutoa damu. Tukaanza na hao wiki iliyofuata.